Tundu Lisiloambiwa Pa Kukaa

Alasiri moja mchoraji wa kiwanda kimoja cha mashine alikuwa akichonga penseli juu ya mchoro wa giaboksi, tundu likapita katikati ya karatasi. Lilikuwa na upana wa kidole gumba, nalo lilikwenda taratibu, kama mtu anayetafuta nyumba aliyoelekezwa vibaya. Mchoraji aliinua kikombe chake ili lipite. Wiki iliyotangulia mwenzake alichelewa kuinua, chai yote ikaishia mapajani.

Ndivyo yalivyokuwa matundu ya kiwanda kile. Tundu ambalo mchoro haukulitajia mahali halikukaa kwenye chuma. Likishatobolewa liliondoka, likazurura ukutani, mezani, hata migongoni mwa mashati. Wafagiaji waliyasogeza kando, wakaendelea na kazi.

Hili lilikuwa kuukuu. Mchoraji alitega sikio, akasikia king'ora cha kuwaita watu kazini, kile kilichong'olewa zamani. Chini yake keekee ilikuwa ikitoboa chuma bila pupa, na mtu anapiga mluzi. Mluzi ule alikua nao. Enzi hizo alikuwa akimpelekea baba yake chakula cha mchana, anakalishwa juu ya sanduku la vifaa, miguu inaning'inia, anatazama taka za chuma zikitoka zimejikunja kama nywele za mtoto.

Aliliwekea karatasi tupu, likaingia. Akaiviringisha, akaitia kwapani, akaenda nayo nyumbani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umeniletea nini?"

"Sikiliza mwenyewe."

Baba yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Keekee, alivaa miwani, akapitisha kidole ukingoni mwa tundu.

"Hili ni langu," alisema. "La mfuniko wa pampu."

Mchoro wa mfuniko ule uliandikwa tu: tundu liwe katikati. Katikati ya bamba, au katikati ya duara lililoinuka juu ya bamba, haukusema. Mzee Keekee aliuliza, akaambiwa atumie akili. Akaitumia. Pampu ikavuja, ikaungua, naye akafukuzwa kwa uzembe. Tundu lilitoka naye siku hiyohiyo, ila walipotezana getini.

"Liandikie pa kukaa, mama," alisema. "Limechoka."

Wakaondoa vyombo mezani, mchoraji akachora bamba.

"Tupime kutoka wapi, baba?"

"Ukingo wa chini kwanza, ndio unaolala kwenye mashine. Halafu wa kushoto."

Mchoraji akaupa kila ukingo herufi yake. Kisha akachora kisanduku chembamba. Ndani yake aliweka duara lenye msalaba, ambalo ni alama ya mahali, na kando yake kiasi ambacho tundu linaruhusiwa kupotoka. Mwisho akaweka herufi za kingo zile mbili.

"Nimeliachia upana wa unywele. Unatosha?"

"Unatosha. Ukibana zaidi ya hapo unamtesa fundi bure."

Tundu lilizunguka bamba, likasita, likaingia mahali pake, likatulia. Mzee akapiga mluzi. Ndani ya tundu akajibiwa.

Kesho yake mchoraji alilipeleka kwa meneja, ambaye ndiye aliyechora mfuniko ule alipokuwa mhandisi kijana. Meneja alitia kidole, akakizungusha.

"Kazi safi."

"Basi baba hakukosea."

"Nani kasema alikosea? Lakini faili lilishafungwa, na aliyelifunga kastaafu. Tukifungua moja tutafungua yote." Akamrudishia karatasi yake. "Ile giaboksi naitaka leo. Hivyo visanduku achana navyo, vinakula muda. Mafundi wana akili zao."

Mchoraji alivichora vyote. Jioni alikuta vimefutwa, na mchoro umeshapelekwa kwa mafundi. Getini alikutana na tundu jipya, bado linameta mafuta, linatoka bila kujua liendako. Akasogeza mguu, likapita.

Nyumbani baba yake alikuwa amekwisha kupigilia msumari ukutani. Wakautundika mchoro.

"Wamesemaje?"

"Wamesema ni kazi safi."

Mzee alingoja kidogo, kama kuna neno jingine. Halikuwepo. Akavuta kiti karibu na ukuta, akakaa kusikiliza. Ndani ya tundu, zamu ya mchana ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.