Mpira wa Kushoto

Lori la kaka lilikuwa kuukuu hata siku alipolinunua. Nilimwambia kulipaka rangi ni sawa na kumvisha ajuza shela. Akaninunia wiki nzima. Miaka tisa iliyopita, saa nne asubuhi, jua likiwaka na barabara kavu, lilimtupa mtaroni kwenye mteremko wa machimbo, na kaka hakuinuka. Tukalivuta hadi nyuma ya nyumba yake, tukalifunika turubai. Tangu hapo waliolipanda ni kuku tu.

Jumatatu shemeji, mjane wake, akanipigia simu.

"Njoo unibadilishie mipira ya oili na mabomba ya breki za mbele. Injini imeshawaka. Nataka kuliendesha mwenyewe."

"Shemeji, hilo linataka mganga, siyo fundi."

"Mganga hana spana. Njoo."

Nilipounga betri, honi ililia yenyewe, ndefu, kama ya mtu aliyechoka kusubiri langoni.

"Waya zimegusana," nikasema haraka.

"Ndivyo alivyokuwa anapiga akirudi," shemeji akasema. "Kidogo niitike."

Nikainua mbele kwa jeki, nikategemeza ekseli, nikatoa magurudumu. Mabomba yalikuwa yameliwa na kutu. Nati za mipira hazikutaka kusikia habari za mtu. Nilizimiminia mafuta, nikazibembeleza, nikazitukana kwa adabu maana shemeji alikuwa ameketi juu ya ndoo, karibu na kichwa changu.

"Asubuhi ile tuligombana," akasema ghafla. "Kisa chai. Nikamwambia kama haitaki akanywe kwa mama yake. Akaondoka hajatia kitu mdomoni. Mama yenu hajanisemesha mpaka leo, anasema nilimtoa mwanawe nyumbani na hasira. Labda kweli. Usiku najiuliza kama aliona ule mtaro, akauacha tu uje. Ndiyo maana nataka nishuke pale nijionee."

Nikaikaba nati. Ikaachia.

Mpira wa kushoto ukatoka mkononi mwangu. Nina mazoea: mpira nikiutoa huupuliza, basi tu, kama mtu anayejaribu filimbi. Nikaupuliza. Pumzi ikagoma. Nikapuliza tena mpaka masikio yakaziba. Kwa nje ulionekana mzima, ila karibu na ncha palikuwa na alama, safu mbili za meno, zimetazamana.

Meno ya koleo langu.

Siku moja kabla ya ajali nilikuwa nimebadilisha silinda ya gurudumu lile. Oili ya breki ilikuwa kidogo, na mimi nilikuwa na haraka zangu. Nikaubana mpira kwa koleo ili oili isimwagike. Kila fundi mwenye haraka hufanya hivyo, na kila fundi ameshakatazwa. Nje mpira hurudi kama ulivyokuwa. Ndani ngozi yake huchanika, ikaning'inia kama ulimi, halafu siku moja ikaziba njia. Kaka alikanyaga, gurudumu la kulia likashika, la kushoto halikusikia. Lori likageuza kichwa kulia, kwenye mtaro.

"Umeona nini?" shemeji akauliza.

"Uzee," nikasema, nikautia mpira mfukoni mwa ovaroli.

Nikakunja mabomba mapya, nikafunga mipira mipya pande zote mbili. Nilitania kuku, nilitania bumpa, nilipiga mluzi. Ikabaki kutoa hewa kwenye mabomba, kazi ya watu wawili. Shemeji akapanda kwenye usukani. Mimi nikalala chini upande wa kushoto.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga!"

"Shikilia!"

Nikilegeza nati, oili inakohoa mapovu. Nikiikaza, anaachia. Mara moja, mara mbili, mara tatu. Zamani kazi hii nilifanya na kaka, na yeye hakuwa mtu wa kupaza sauti: pedali ikishika, aligonga mlango kwa kidole. Ko, ko, ko.

Mara ya nne nikasema kanyaga, na mlango ukagongwa. Ko, ko, ko.

"Shemeji, usigonge mlango."

"Nigonge na nini? Mikono yote iko kwenye usukani."

Nililala pale oili ikinitiririkia kwenye kiwiko. Mpira mfukoni ulinichoma ubavuni.

"Achia," nikasema. Nikakaza nati, nikatambaa nje. "Shuka, shemeji. Puliza hii."

Akapuliza mpaka mashavu yakatuna. "Haupiti."

Nikatoa koleo, nikaliweka juu ya zile alama. Meno yakaingia mahali pake. Nikamweleza yote, toka silinda mpaka mtaro, na kwa mara ya kwanza tangu anijue sikuchomeka mzaha. "Siyo chai," nikamaliza. "Ni mimi."

Hakunitazama. Alikuwa anautazama mpira.

"Kwa hiyo alikanyaga breki?"

"Alikanyaga. Kwa nguvu zake zote."

"Alitaka kurudi nyumbani."

"Alitaka kurudi, shemeji."

Akakaa chini kwenye vumbi, mgongo kwenye bumpa, akalia kama mtu anayetua mzigo bila haraka. Mimi nilisimama na koleo langu. Alipomaliza akajifuta kwa upindo wa kanga.

"Mama yenu utamwambia wewe. Leo, kwa mdomo wako, na mimi nikiwepo."

"Nitamwambia."

"Kesho tunashuka mteremko. Mimi naendesha, wewe unakaa pembeni."

"Sawa." Nikalirudisha koleo mfukoni. "Na baada ya hapo? Bado nitakuita shemeji?"

Akainuka, akashika mlango wa lori, akapanda.

"Sijui," akasema. "Niulize tukifika chini. Sasa hamia kulia, hewa bado."

Nikaingia chini.