Bahari Upande wa Gerlinde

Jumamosi asubuhi, baada ya kufagia mbele ya nyumba na kumwaga maji ya kudekia mtaroni, Eberhard alibandika utepe wa buluu wa wapaka rangi kwenye ukuta wa sebule. Alitaka kuona tangi lake la samaki lingekuwa na ukubwa gani kabla hajatoboa tofali hata moja. Ndivyo chama cha wafuga samaki cha Nürtingen, mji wao kule Ujerumani, kinavyowafunza wanachama wapya: bandika utepe kwanza, keti kwenye kochi, utazame mpaka uridhike, ndipo ushike patasi. Mkewe Traudel alishika ncha ya utepe, yeye akashika pima maji, na pembe zote nne zikakaa sawasawa.

Lilikuwa tangi lake la kwanza, nalo lingekuwa la maji ya chumvi, la matumbawe, tena la kujengewa ndani ya ukuta. Eberhard alikuwa fundi wa mitambo ya kupasha nyumba joto mpaka alipostaafu, na hakuna kitu kilichomtisha kama kukaa bure. Kwa hiyo alipanga. Alikokotoa uzito wa maji na mawe, akashuka chini ya nyumba kugonga boriti za sakafu, akaamua pampu ikae wapi, povu lichujwe wapi, na hewa yenye unyevu itokee wapi. Sebuleni kingeonekana kioo tu, safi, bila waya wala bomba. Pampu, ndoo za chumvi na mkono wa kusafisha matumbawe, vyote vingepitia upande wa pili wa ukuta.

Upande wa pili wa ukuta alilala dada yake, Gerlinde.

Gerlinde alikuwa mkubwa wa Eberhard kwa miaka minne. Alishona fulana kiwandani mpaka kiwanda kikafungwa, hakuolewa, na chumba kile alipewa na baba yao. Baba, siku zake za mwisho, alitamka mbele ya watoto wake wawili kwamba nyumba ni ya Eberhard, lakini chumba cha upande wa bustani ni cha Gerlinde mpaka afe. Eberhard alisema ndiyo, akalia, na alilia kwa moyo wake wote. Sasa alimtandikia dada yake mchoro mezani, na Gerlinde akavaa miwani. Aliona pampu. Aliona mabomba, ngazi ya kupandia na rafu ya vyakula vya samaki, kila kitu kwa rula na penseli iliyochongwa vizuri.

"Na kitanda changu?" aliuliza.

"Kitanda kinasogea, dada. Mabomba hayasogei."

"Kinasogea kwenda wapi?"

"Tutaona," alisema Eberhard, naye akakunja mchoro taratibu usije ukapata mikunjo mibaya.

Jumatatu walipoamka bahari ilikuwa imefika. Ndani ya utepe wa buluu hapakuwa tena na ukuta. Palikuwa na maji mazuri ya kijani, na ndani yake matumbawe ya zambarau na samaki wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Hapakuwa na kioo. Maji yalikomea kwenye utepe, wima, yakatulia. Traudel alipitisha kitambaa sakafuni akakuta pakavu, akarudi jikoni kumalizia chai.

Eberhard alifurahi, ila furaha yake ilikuwa na kasoro kidogo. Alikuwa amepanga kungoja. Tangi jipya halitiwi samaki upesi. Maji huachwa na mawe yake kwa majuma mengi mpaka yatulie, na yeye alikuwa ameutazamia sana mngojo huo. Alimpigia simu Ingo, mwenyekiti wa chama, aliyekuja mchana na vipimo vyake ndani ya mkoba.

"Hujaweka hata kioo?" aliuliza Ingo.

"Bado."

"Vumbi litakusumbua." Akachovya kipimo, akakiinua mwangani, akachovya kingine. "Chumvi safi. Joto safi. Umeyapata wapi maji haya?"

"Yamekuja yenyewe."

"Wewe una bahati, bwana. Yangu yalinitoa jasho mwaka mzima, na bado konokono wananifia."

Wakati wanaume wawili wakisifu maji, Gerlinde alikuwa ameketi kitandani kwake na soksi zimelowa. Sebuleni bahari ilikuwa na mpaka, kwa kuwa Eberhard alikuwa ameipimia na kuibandikia utepe. Upande wa Gerlinde hakuna aliyebandika kitu. Bahari haikuambiwa ikomee wapi, na kitu kisichoambiwa pa kukomea huendelea. Siku ya kwanza ilifika kwenye miguu ya kitanda. Mwisho wa juma ilikuwa imefika kwenye vishikio vya kabati. Ilikupwa na kujaa kama kawaida ya bahari, lakini kila ilipojaa ilipanda zaidi, na ilipokupwa haikurudi yote.

"Eberhard," alisema Gerlinde wakati wa chakula cha mchana, walipokuwa wakila dengu na tambi za mayai. "Naomba uje ubandike utepe na upande wangu."

"Nitakuja."

"Lini?"

"Dada, hujamaliza hata dengu zako."

Gerlinde alijaribu mwenyewe. Utepe haukushika. Ukuta ulikuwa umelowa, na kila alichobandika kilibanduka kikaelea mpaka samaki wakakivuta kwenda pangoni. Tena bega lake la kulia, lililochakazwa na cherehani za kiwandani, lilikuwa haliinuki kupita kidevu. Aligundua vilevile kwamba ndani ya maji yale mtu alipumua kama kawaida, isipokuwa kifua kilikuwa kizito kidogo, kama siku za mafua. Akalala hivyohivyo. Usingizi ulikuwa mzuri, na hilo lilimuudhi kuliko yote.

Wifi yake naye alikuwa na malalamiko. Kila Gerlinde alipotoka chumbani, maji ya chumvi yalidondoka ukumbini mpaka kwenye ngazi za mpangaji wa juu. Katika nyumba ile, kama katika nyumba zote za mtaa ule, kibao cha zamu ya kufagia huning'inizwa kwenye mlango wa mwenye zamu, na juma likiisha kinahamia mlango mwingine. Sasa hakikuhama mlangoni kwa Gerlinde.

"Wifi, usinielewe vibaya," alisema Traudel huku akikining'iniza tena. "Lakini maji yanatoka kwako."

"Yanatoka kwa mumeo, yanapitia kwangu."

"Mimi naona tu yanapotokea."

Gerlinde alichukua ufagio na ndoo. Alidekia ukumbi kwa maji baridi, na nyuma yake nguo zake zikaulowesha upya, kwa hiyo akadekia tena akirudi kinyumenyume. Alikuwa na hasira, na hasira yake ilikuwa ya haki, ila alikuwa ameizoea sana kiasi kwamba hata yeye mwenyewe hakuisikia vizuri.

Kisha yakaja maji kupwa makubwa, ambayo Gerlinde hakuyaona tena baadaye. Ilikuwa Jumapili alasiri. Bahari ilirudi nyuma mpaka ukutani kabisa, ikaacha zulia likimeta konokono, na jua la bustanini likaingia dirishani na kukausha ukuta kwa muda wa mtu kunywa kahawa. Gerlinde alipapasa plasta kwa kiganja. Ilikuwa kavu. Akafungua mlango akaita kwa sauti ambayo nyumba ile haikuwahi kuisikia.

"Eberhard! Njoo na utepe! Sasa hivi, kabla hayajarudi!"

Eberhard alikuja. Utepe alikuwa nao, pima maji alikuwa nayo. Nyuma yake alikuja Ingo, aliyekuwa amealikwa keki ya plamu na bado alikuwa na sahani mkononi. Wote watatu walisimama kwenye zulia la konokono.

"Bandika hapa," alisema Gerlinde, akionyesha ukuta wenyewe. "Ibaki unene wa tofali. Chumba changu nirudishiwe kikavu."

Ingo alimeza keki. Alitazama mlangoni, akatazama dirishani, akahesabu kwa macho. "Kina chote hiki, Eberhard," alisema kwa upole. "Pale kwangu samaki anageuka na mkia wake unagusa kioo. Hapa anapotea kabisa, halafu anarudi. Chama kizima hakuna mwenye kitu kama hiki. Ukibandika hapo utabaki na dirisha tu."

Eberhard alisimama na utepe umevutwa kiasi cha kiganja. Kwenye pembe ya kabati matumbawe ya njano yalikuwa yamekwisha kushika, na yalikuwa mazuri, hakuna wa kubisha. Maji yalianza kulamba ukuta kutoka ndani.

"Ndugu yangu," alisema Gerlinde. "Ulimwambia baba ndiyo."

"Najua."

"Basi bandika."

Eberhard aliukunja utepe akautia mfukoni. "Leo Jumapili, dada," alisema. "Siku ya mapumziko. Watu wa mtaani watasemaje?"

"Utepe unapiga kelele gani?"

"Kazi ni kazi."

Asubuhi ile alikuwa amepima chumvi mara mbili na kusugua pampu bafuni, lakini kwake hiyo haikuwa kazi. Alitoka kwa hatua ndogo ili asikanyage konokono. Gerlinde alibaki ameegemea ukuta mpaka maji yalipomfika kiunoni, kisha akakaa kitandani, na akalia, ila ndani ya bahari machozi ya mtu hayana pa kuonekana.

Hayakupwa tena namna ile. Masika yalipoingia, chumba kilikuwa kimejaa mpaka darini. Traudel, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimtajia wifi yake nyumba ya wazee iliyo kando ya mto Neckar, kavu, yenye roshani na mchezo wa karata kila Alhamisi. Gerlinde alimsikiliza mpaka mwisho, maji yakimdondoka kwenye nywele.

"Hapa ndipo kwangu," alisema.

"Lakini wifi, angalia hali yako."

"Hali si yangu. Chumba ndicho changu."

Akaacha kutoka. Traudel alimletea chakula mlangoni, mkate wa chumvi wenye siagi, na jioni bakuli la mchuzi ambalo ilibidi alinywe haraka kabla halijawa bahari. Samaki wa chungwa walihamia ndani ya kivuli cha taa yake ya kusomea. Nyota-bahari alikaa kwenye saa ya ukutani. Gerlinde alifuta vumbi lililokuwepo, akatandika kitanda kila asubuhi, na ilipofika jioni alivuta kiti chake akaketi akiitazama sebule, kwa kuwa madirisha ya bustanini yalikuwa yameota kijani.

Eberhard hatimaye aliweka kioo, kwa sababu ya vumbi. Kilikuwa kinene na kisafi na kilikaa ndani ya ukuta bila hata ufa wa kupitisha unywele. Jumapili ya kwanza ya kiangazi alikaribisha chama. Walikuja wote na keki zao, wakavua viatu, wakasimama mbele ya kioo, na Eberhard aliona kwamba hiyo ndiyo siku aliyoifanyia kazi maisha yake yote. Aliwatajia kila tumbawe kwa jina. Aliwaonyesha samaki anavyopotea kule ndani na kurudi.

Gerlinde alikuwa ameketi kwenye kiti chake, amevaa gauni lake la Jumapili. Alipowaona watu alisimama akasogea mpaka kiooni, akasema jambo refu, midomo yake ikienda polepole ili aeleweke. Mama mmoja mgeni, mwanachama wa majuzi aliyekuwa bado hajabandika utepe wake, aliinama kumtazama vizuri.

"Na huyu je?" aliuliza. "Huyu mlimpata wapi?"

Eberhard alimtazama dada yake kupitia kioo. Alisafisha koo.

"Huyu hatukumleta," alisema. "Tulimkuta na chumba."

Mama yule aliitikia kwa kichwa, kwa heshima, akauliza taa huwashwa saa ngapi.