Mlango wa Wembambani

Wembambani ni nchi isiyoonekana katika ramani yoyote, kwa kuwa kila wenyeji walipoichora waliuonea haya upana wake, wakaipunguza kidogo kidogo hata ikatoweka karatasini. Lakini ipo, na watu wake ni waungwana, wacha Mungu, na wakarimu katika kila jambo ila chakula. Wawili wakikutana njiani hawaulizani habari za nyumbani. Mmoja huuliza, "Umepungua?" na mwenzake hujibu kwa unyenyekevu, "Napungua, kwa rehema za Mungu, sijui wewe?" Aliyelazwa na homa hata mbavu zikahesabika hutembelewa kwa vigelegele, na akipona hupewa pole. Waokaji wao wana ustadi wa kuoka mkate ambao sehemu yake kubwa ni tundu. Malenga wao walikwisha kuusifu unyasi, na sindano, na uzi, na wakati wa habari hii walikuwa wakishindana kuusifu upepo.

Juu ya desturi hizo zote ilisimama sheria ya Mlango wa Nikaha. Mlango huo ulikuwa mbele ya mahakama, mwembamba kama ufa, na kila palipokuwa na harusi miimo yake ilipakwa masizi yaliyochanganywa na mafuta. Bwana na bibi harusi walipaswa kupita hapo mmoja mmoja, katika nguo nyeupe, bila kugusa upande wowote. Aliyetoka safi aliruhusiwa ndoa. Aliyetoka na doa alirudishwa kwao, na nguo yake ikaanikwa juu ya paa la wazazi wake mpaka mvua iioshe. Hakuna aliyejua mlango ulijengwa na nani wala kwa nini, na ujinga huo uliitwa hekima ya wahenga.

Katika mji mkuu, ulioitwa Kadirio, aliishi mfinyanzi mwanamke jina lake Siha. Alikuwa mpana wa mabega na mnene wa mapaja, na aliinua mtungi uliojaa maji kama wengine wanavyoinua kikombe. Akicheka, mitungi mitupu ilimwitikia. Mama yake, Bi Haya, alimpenda kwa pendo la mtu anayemkumbatia mwanawe huku akichungulia kama majirani wanaona. Nguo ya Siha ilikwisha kuanikwa juu ya paa mara moja, na mchumba wa wakati ule alikwenda zake kabla ya mvua. Basi Bi Haya akampeleka bintiye Uga wa Jasho, mahali ambapo wachumba walifunzwa kukimbia, kuruka na kushinda na njaa, chini ya mwalimu kijana aliyeitwa Latifu.

Latifu alikuwa mwembamba kwa maumbile, si kwa juhudi, na wembamba huo ulimletea heshima asiyoitolea jasho. Siku Siha alipofika, aliwaamuru wanafunzi wakimbie hadi Kilima cha Majuto na kurudi. Wengi walirudi wakiyumba kama walevi. Siha alirudi akipiga mluzi, na mgongoni amembeba mwenzake.

"Dada, hapa umefuata nini?" Latifu akauliza.

"Kupungua, mwalimu."

"Kupungua nini?"

"Mama ndiye ajuaye. Mimi nimetumwa tu."

"Na huyo?"

"Nilimkuta amelala njiani, nikaona ni mwepesi, nikamchukua. Kama nimekosea, nitamrudisha."

Latifu, aliyekuwa hajacheka ugani tangu apewe kazi ile, alicheka hata akakaa chini. Tangu hapo alimfundisha Siha namna ya kuvuta pumzi kilimani, naye Siha akamfundisha kukanda udongo, kazi iliyomtoa malengelenge viganjani. Latifu alipenda kumtazama akikimbia, kwa sababu Siha alikimbia kama mtu aendaye mahali, hali wengine walikimbia kama watu wanaoikimbia miili yao.

"Siha," alimwambia asubuhi moja, "nataka kuposa."

"Heri. Unamposa nani?"

"Kuna mfinyanzi."

"Wafinyanzi wachafu. Wana udongo hadi kwenye nyusi."

"Nimeuona. Udongo huo ndio ulionimaliza."

Posa ikakubaliwa, siku ikatajwa, na mlango ukabaki pale pale ulipo. Hapo Siha akafanya kwa ajili ya mapenzi jambo ambalo hakulifanya kwa ajili ya mama yake: akaacha kula. Kilichopungua kwanza kilikuwa kicheko, kisha nguvu za mikono, na mwisho usingizi. Siku moja aliinua mtungi, akaanguka nao, akalala katikati ya vigae. Majirani walipoona mifupa ya mashavu yake walimpa mama hongera.

Latifu alifika na bakuli la uji wa mtama, akaketi vigaeni mbele ya macho ya watu wote, akamnywesha kwa kijiko.

"Nikinywa sitapita," Siha akanong'ona.

"Nilikuposa wewe," Latifu akasema. "Sikuiposa nafasi uliyoiacha."

Akanywa. Kesho yake akanywa tena, na mwezi ulipoandama alikuwa amerudi kuinua mitungi. Lakini kumlisha mchumba hadharani ilikuwa jinai katika Wembambani, na jina lake Kushibisha. Latifu akakamatwa. Akipatikana na hatia angefukuzwa nchini, na posa yake ingevunjwa milele.

Mahakama ilijaa. Mshtaki alikuwa Bwana Kejeli, mtu ambaye kiungo chake pekee kilichonona kilikuwa ulimi. "Waheshimiwa," alisema, "mtuhumiwa alikabidhiwa binti apunguzwe, naye akamkuza. Je, tukimkabidhi mbuzi, hatatuletea tembo?"

Watu wakacheka. Siha alisikia kicheko kile kikimpanda mgongoni kama siafu, na alijua kwamba akinyamaza atampoteza mume. Akasimama.

"Mheshimiwa Mizani," alimwambia hakimu mkuu, "hukumu itasomewa wapi?"

"Nje, mbele ya watu, kama kawaida."

"Nawe utatokea wapi?"

Hakimu akakohoa. "Mahakimu hutokea Mlango wa Taadhima, ulio nyuma."

Mlango huo ulipitisha mafahali wawili bila ugomvi.

"Juu ya Mlango wa Nikaha," Siha akasema, "pamechongwa maneno: asihukumu hapa ila aliyepita hapa. Nimeyaona leo; mara ya kwanza sikuyaona, maana nilikuwa nikizitazama mbavu zangu. Nadhani ndivyo sote tulivyokuwa."

Watu wakainua macho kwenye kizingiti cha juu, wakasoma, wakatazamana. Mizani angeweza kumfukuza binti yule. Lakini alikuwa mtu mwaminifu, na uaminifu haufichiki kwa joho. Akashuka kitini, akaenda mlangoni, ambapo masizi ya harusi ya jana yalikuwa hayajakauka, akaingiza bega moja, kisha tumbo, akakwama. Joho pana jeusi likapasuka, na umbo lililofichwa miaka mingi likaonekana kwa umma.

Wa kwanza kucheka alikuwa Kejeli, kwa mazoea. Umma ukavuta pumzi ili umfuate.

"Asicheke mtu," Siha akasema. Sauti yake haikuwa kubwa. "Kicheko hiki ndicho kilichojenga mlango huu."

Akazunguka nje kwa mlango wa nyuma, umma ukimfuata, akasimamisha nyayo imara, akaishika mikono ya hakimu kama alivyozoea kushika mtungi mzito, akamvuta polepole asimuumize. Wakatoka wote wawili wameenea masizi.

Mizani akakaa ngazini akihema. "Mke wangu hajaniona bila joho tangu nipate cheo," alisema. "Hata kulala nalala nalo."

"Na joto hili?" akauliza bibi mmoja.

"Na joto hili, mama."

Kisha akasimama, akatamka kwamba Latifu hana hatia na kwamba miimo ing'olewe. Latifu alifunguliwa kamba huko ndani. Angeweza kupita mlangoni kama uzi katika tundu la sindano, bila doa. Akasimama katikati, akaegemeza shavu kwenye mwimo wa kulia, akageuka, akaegemeza la pili kwenye mwimo wa kushoto, ndipo akatoka kumfuata mchumba wake.

Wazee wa baraza, ambao hawakuweza kuishi saa moja bila kipimo, walianza kujadiliana upana wa mlango mpya. Mmoja alitaka upimwe kwa hakimu, mwingine kwa Siha.

"Msinipime mimi," Siha akawaambia, "kesho mwembamba atalia kwamba hakuujaza. Jengeni upana wa watu wawili walioshikana mikono."

Kisha, mbele ya baraza, mbele ya umma na mbele ya mume mtarajiwa, akatamka neno ambalo hakuna bibi harusi wa nchi ile aliyewahi kulitamka hadharani.

"Nina njaa."

Bi Haya akajipenyeza kati ya watu, akawafikia wawili wale, akampangusa bintiye masizi puani kwa ncha ya kanga.

"Wali wa nazi au ugali?" akauliza, kwa sauti ya kusikika na kila mtu.

"Vyote viwili, mama."