Aliyeziba Kisima cha Manase

Siku ya ishirini tangu mashine ya maji inyamaze, Simeoni bado alikuwa anaamka alfajiri kwenda kuifuta vumbi. Hakuna aliyemtuma. Aliingia kwenye kibanda cha bati, akavua shati, akafuta bomba moja baada ya jingine, kisha akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kuitazama mashine kama mtu anavyomtazama ng'ombe aliyelala akakataa kuinuka. Nje, wanawake wa kijiji cha Azimio walipita na madebe matupu kwenda bwawani, mwendo wa saa mbili kwenda na saa tatu kurudi, maana kurudi kuna mzigo.

"Habari za kazi, fundi?" walimsalimu.

Kazi gani? Walijua, naye alijua kwamba wanajua. Alijibu "nzuri" na kuendelea kukaa.

Kilichoiua mashine ile ni vita, na ukitaka kuchoka zaidi, hata havikuwa vita vyetu. Mwezi wa kumi wa mwaka uliopita, sabini na tatu, redio ya mwenyekiti Alute ilisema Waarabu na Waisraeli wanapigana. Mzee Idrissa, aliyekuwa kwenye funga ya Ramadhani, akaomba dua yake. Watu wa kanisani wakabishana naye kidogo juu ya miji wanayoijua kwenye Biblia. Kisha kila mtu akachukua jembe akaenda shambani. Nani angedhani risasi ya huko itatoboa debe la maji huku kwetu Iramba? Husemwa wapiganapo tembo nyasi huumia, lakini sisi hata nyasi za mbuga ile hatukuwa. Kumbe dizeli iliyokuwa inanywewa na mashine yetu ilitoka huko huko, na wenye mafuta walikuwa wamekasirika, wamefunga mkono.

Simeoni alipeleka dramu tupu mjini Shelui. Malori yalikuwa yamejipanga kando ya barabara ya Nzega hadi nyumba ya mwisho, utingo wamelala uvunguni, madereva wanatongoza wauza uji kwa kukosa la kufanya. Alingoja siku tano. Siku ya tano akapata madebe mawili ya dizeli iliyokombwa chini kabisa ya tangi, nyeusi, yenye mchanga na maji. Fundi mwenye akili angeichuja mara tatu na kuiacha ituame usiku kucha. Akili alikuwa nayo, ila aliporudi aliwakuta wanawake wamepanga madebe mbele ya kibanda tangu asubuhi, huruma ikamtangulia. Akaichuja mara moja tu, akamimina. Mashine ikakohoa, ikanguruma robo saa, ikatoa moshi mweupe, ikazimika. Alipoifungua alikuta nozeli imekufa, kile kidude cha kunyunyizia mafuta ambacho hakizidi kidole cha mtoto. Hapo ndipo alipoanza kuhesabu zile siku ishirini.

Jioni ya siku hiyo ya ishirini, Alute aliwasomea watu barua kutoka kwa mabwana wa maji. Nozeli ilikuwa imeagizwa Uingereza. Lakini Uingereza kwenyewe, ilisema barua, viwanda vinafanya kazi siku tatu tu kwa wiki kwa kukosa nguvu za kuviendesha, hivyo wanakijiji wawe na subira.

"Ndugu mwenyekiti, hebu rudia hapo," alisema Idrissa. "Wazungu nao wamekosa?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, mzee."

"Basi na wao kuna mtu kawazibia kisima."

Watu walicheka kile kicheko cha mtu aliyechoka, kifupi, cha puani. Kisha mmoja mmoja wakamgeukia Simeoni, na kicheko kikaisha.

Maana sisi aliyetuzibia tulikuwa naye. Tulipohamia Azimio mwaka wa sabini na moja, bwana mmoja wa wilayani alisema visima vya zamani vikiachwa wazi watu watarudi mahame, kule walikohama. Simeoni alikuwa ametoka mashamba ya mkonge na ufundi wake wa mashine, kifua mbele, ndiye aliyekabidhiwa ufunguo wa kibanda. Alitaka aonekane. Akachukua vijana wanne, akaenda kwenye kisima kilichokuwa hakikauki hata mwaka wa njaa, akajaza magogo, mawe na udongo hadi kikawa sawa na ardhi. Siku tatu. Kisima hicho kilichimbwa na marehemu Manase, pima nane kwenda chini, na Manase alikuwa baba wa Magdalena, mke wa Simeoni. Mjane wake, Dorika, alisimama pembeni siku zote tatu, ameshika ncha ya kanga.  Na tangu siku ile hakuwahi kumtumia mkwewe salamu, wala mtoto wa Simeoni alipozaliwa hakutuma hata kibuyu cha maziwa.

Kisima ni cha nyumba ya aliyekichimba, na kwetu hakuna anayekigusa bila neno la nyumba hiyo, hata kama ulimi umemkauka. Kaya kumi na moja zilikuwa zimekwisha sema zitahama kabla ya Jumapili ya pili, na mvua za mwaka ule zilikuwa za kudanganya, zinanguruma tu upande wa milima ya Sekenke na kwenda zake. Neno la Dorika lilikuwa linangojewa, na mtu wa kwenda kuliomba alikuwa mmoja tu.

Simeoni alikwenda kesho yake mchana. Mwanamume haonani uso kwa uso na mama mkwe wake, kwa hiyo alisimama nje amegeukia zizi, Dorika amekaa ndani, na Magdalena mlangoni katikati yao kupitisha maneno.

"Shikamoo, mama," Simeoni aliliambia zizi.

"Marahaba," sauti ikatoka ndani.

"Mwambie mama," akamwambia mkewe, "watu wanaomba kisima cha marehemu mzee kifunguliwe."

Dorika alikuwa amesikia kila neno, lakini alingoja binti yake ayarudie yote.

"Muulize, watu gani? Watu ndio waliokiziba?"

"Anauliza," Magdalena alianza.

"Nimesikia."

"Na mimi najua umesikia. Sasa nifanyeje, baba Anselm? Mimi nimechoka kuwa mlango."

Simeoni alifuta jasho. "Mwambie naomba mimi. Ni mimi niliyeziba."

 Kuku alipita, akadonoa, akaondoka. Kisha Dorika akasema, "Mwambie kisima kilizibwa mchana mbele ya watu. Hakiombwi nyuma ya nyumba."

Magdalena hakurudia hilo. Hakukuwa na haja.

Jioni watu wakaitwa tena. Simeoni alisimama, mikono haijui pa kukaa, mzito wa maneno tangu utoto. "Kisima cha Manase nilikiziba mimi," alisema. "Hakuna aliyenishika mkono. Niliwaambia mashine inatosha. Sikujua kwamba mashine nayo ina kamba, na kamba yenyewe imeshikwa na watu ambao hatuwajui na hawatujui. Naomba nyumba ya Manase inisamehe. Nitakifukua mimi, hata peke yangu."

"Ndugu Simeoni, pole pole," alisema Alute, anatazama huku na huku. "Wilayani watasema tumerudi mahame."

"Waje watuletee maji, halafu waseme," mwanamke mmoja akadakia, na mwenyekiti akaketi.

Dorika alikuwa amekaa kati ya wanawake, kichwa chini. Aliinuka, akajifunga kanga vizuri, akasema bila kumtazama mtu, "Alfajiri." Akaenda zake.

Walifukua siku tisa. Kuziba ni siku tatu, kufukua ni tisa, na aliyewahi kubomoa na kujenga anajua kwa nini. Simeoni ndiye aliyeshuka kila siku, hakumwachia mwingine. Juu, vijana wawili, Paskali na Gabrieli, walivuta kamba ya kikapu. Viganja vilimchubuka, kucha mbili zikang'oka, na usiku mgongo haukukubali kulala upande wowote. Kila jiwe lililopanda alilijua. Mengine alikumbuka hata mahali alipoyatoa, na jinsi alivyokuwa anapiga mluzi. Dorika alikuja kila asubuhi, akakaa mbali kwenye gogo, akatazama mawe yakitoka.

Siku ya tisa, mchana, jembe lilipita kwenye udongo wa mwisho likagonga mchanga. Simeoni aliushika. Ulinata kiganjani. Akafungua mdomo kuwaita wa juu, na hapo hapo akasikia kengele ya baiskeli ya Alute.

"Mafuta! Mafuta yamekuja! Dramu mbili! Bwana wa wilaya mwenyewe yuko nalo lori, anataka watu wote wampokee kwa nyimbo!"

Vigelegele vikapigwa. Miguu ikatimua juu ya kichwa chake, vumbi likamwangukia machoni, kamba ikaanguka mdomoni mwa kisima nusu ndani nusu nje, mkono wake usikofika. "Jamani!" Simeoni aliita. "Nozeli je? Mashine haina nozeli! Paskali!" Hakuna aliyesikia, au aliyesikia hakutaka. Nyimbo zilishaanza, zikaenda zikififia. Alitazama juu akaona kipande cha anga, kidogo kama sahani. Kuta zilikuwa laini, hakuna pa kukanyaga. Hakuwalaumu. Angekuwa juu, na yeye pengine angekimbia. Aliegemea udongo, akahisi uchovu wa miezi yote umemkalia mabegani, na machozi yakamtoka bila sauti, mtu mzima na ndevu zake.

Kamba ikasogea.

Kichwa kilichochungulia kilikuwa na kilemba cha kanga. Simeoni akainamisha uso haraka, kama ilivyompasa.

"Hizo dramu zitawasha mashine?" Dorika aliuliza. Alimuuliza yeye, si mlango, si zizi.

"Hapana, mama. Hata zingekuwa kumi."

"Na hapo ulipo kuna nini?"

"Mchanga, mama. Umeloa. Bado pima moja kufika kwenye maji, labda pungufu."

Kikapu kilishuka, kikatua miguuni pake.

"Mama, huwezi. Subiri warudi."

"Manase alichimba," Dorika alisema. "Udongo ulitolewa na nani, unadhani? Ulipanda wenyewe? Magdalena alikuwa tumboni. Jaza."

 Simeoni alichota mchanga, akafikiria miaka ya yule mama na mikono yake, akatia kikapu nusu, akatikisa kamba. Kikapu hakikupanda. Alingoja. Kisha sauti ikashuka, kavu, haina haraka.

"Ulipokuwa unaziba hukuwa unatia nusu nusu."

Akainama, akakijaza hadi juu.