Joto la Chumba cha Mama Mkwe

Mtaa mzima ulimwita Baridi, na jina hilo alilipata kwa jasho. Kiyoyozi kikigoma popote, dukani, zahanati au kwa yule mzee mwenye nyumba ya ghorofa, aliyeitwa ni yeye. Alikuja na ngazi begani, akafungua kifuniko, akachomoa chujio lililojaa vumbi zito kama blanketi, akalinyanyua mbele ya mwenye nyumba na kuuliza, "Hivi wewe ungeweza kupumua na hii puani?" Watu wazima waliinamisha vichwa. Baridi aliipenda sana sehemu hiyo ya kazi, pengine kuliko malipo.

Sasa mtu huyohuyo, nyumbani kwake, alikuwa na chumba kinachochemka. Mganga hajigangi, walisema wahenga, na wakaishia hapo. Hawakusema mganga afanye nini kama mgonjwa yumo ndani ya chumba anacholala mama mkwe.

Mama mkwe alikuja kumsubiri mjukuu. Mke wa Baridi alikuwa na mimba ya kwanza, miezi imetimia, tumbo limemtangulia hivi kwamba akiingia jikoni lilifika kwanza lenyewe. Wakampa mama chumba chenye kiyoyozi bora kuliko vyote ambavyo Baridi amewahi kufunga. Na tangu mama alipotua begi lake mle, Baridi hakukanyaga tena. Alifundishwa kwao kuwa mkwe ni mtu wa kuheshimiwa, naye heshima aliibeba yote, akaongeza na isiyokuwepo. Wakikutana ukumbini alijibana ukutani mpaka mama apite. Salamu alizituma.

"Mwulize mama ameamkaje," alimwambia mkewe mezani.

Mama, aliyeketi upande wa pili wa meza hiyohiyo, alijibu, "Mwambie nimeamka salama."

"Si mnasikiana?" mke alifoka siku moja. "Mimi nimechoka kubeba mimba, nibebe na salamu zenu?"

Mama mwenyewe hakuwa mtu wa kukaa bure. Alikuja na kikapu cha nyuzi na sindano ya kufumia, na kwa imani yake kitu cha thamani kisichofunikwa ni kama mtoto aliyeachwa uchi. Televisheni ikapata kitambaa. Friji likapata. Mikono ya makochi ikavalishwa. Redio nayo ilifunikwa gubigubi, ikawa inasoma habari kwa sauti ya mtu mwenye mafua. Baridi alivumilia, maana vilikuwa vizuri kweli, na hata vingekuwa vibaya angemwambia nani?

Ndipo chumba cha mama kikaanza joto.

"Mama anasema kiyoyozi kinapuliza kama mtu anayepoza chai," mke alileta taarifa.

"Kile?" Baridi akacheka. "Kile nimekifunga kwa mikono yangu miwili."

Akaenda nyuma ya nyumba ilipo mashine ya nje. Akaikosha, akanyoosha mapezi yake, vile vibati vyembamba vya ubavuni, kwa brashi, akapima gesi, akaikuta sawa, akaongeza kidogo hivyohivyo, kwa hasira. Akabadilisha hata feni iliyokuwa nzima kabisa. Alipomaliza akaingia sebuleni kifua mbele, na mama mkwe akatoka chumbani akijipepea kwa mfuniko wa sufuria.

"Mwambie pole na kazi," mama alimwambia bintiye, kwa upole. Upole ule ulimchoma Baridi kuliko matusi.

Ikabidi atibu kwa mbali. Mama akiwa sebuleni, mke aliingia chumbani na Baridi akasimama nje ya mlango uliorudishwa, sikio ubaoni.

"Mbele pameziba na kitu?"

"Hapajaziba."

"Vumbi je?"

"Hakuna hata punje. Tena pamependeza."

"Basi ni chujio. Panda stuli, fungua kifuniko, ulitoe ulilete."

Mlango ukafunguka, mke akatoka, mkono mmoja kiunoni, mwingine juu ya tumbo, akamtazama mumewe kuanzia kichwani mpaka kidoleni.

"Nipande nini?"

"Basi, yaishe."

"Ingia wewe. Mama hayumo."

"Akirudi akanikuta?"

"Akukute unaiba nini, baba wewe? Godoro?"

Lakini Baridi alikwisha toka kwenda kuikosha tena mashine ya nje, ambayo sasa ilikuwa safi kuliko vyombo vya jikoni. Akiwa amechuchumaa kule nyuma akamsikia mama mkwe barazani, anaongea kwa simu na binti yake mkubwa.

"Mwambie mumeo aje na gari kesho anichukue. Hapana, mwanangu, hakuna ubaya wowote. Ni joto tu."

Huyo mume wa binti mkubwa ndiye yule afanyaye kazi benki, anayemtania mama mkwe, anayefunua sufuria zake jikoni na kuchota kabla ya kukaribishwa. Baridi alimwona siku zote kuwa hana adabu hata chembe. Na sasa ndiye anakuja kumchukua mama.

Mke aliposikia hakulia. Alikaa kitandani akashika shuka.

"Naogopa," alisema. "Nilikuwa nasema siogopi, lakini naogopa. Nataka mama yangu awepo. Akiondoka, atakayenishika mkono hospitali ni wewe, na wewe ulichomwa sindano ya pepopunda ukazimia kabla haijaingia."

Na ni kweli Baridi alizimia. Moyo ulimuuma. Alifikiria kumwita fundi wa mtaa wa pili, kisha akaona bora afe. Fundi wa viyoyozi kumwita fundi wa viyoyozi! Habari zingefika sokoni kabla fundi mwenyewe hajafika mlangoni.

Kesho yake, alipoisikia zipu ya begi ikifungwa, maji yalikuwa yamemfika shingoni. Akachukua stuli, akaenda mpaka kwenye mlango wa kile chumba. Ulikuwa wazi.

"Hodi, mama."

Ndani zipu ikasimama. Nadhani hata begi lilishangaa.

"Karibu," mama alisema.

Baridi hakuingia. Alisimama kizingitini na stuli mikononi, na kwa kuwa hakutaka kutazama kitanda cha mkwewe, wala begi lake, wala khanga yake iliyotundikwa, akainua macho juu kabisa, karibu na dari, mahali pasipo na cha kumwaibisha mtu.

Na kule juu akakiona. Juu ya kiyoyozi kilitandazwa kitambaa cheupe, kimetiwa wanga kikasimama, kina maua kwenye pembe nne, kimenyooshwa kutoka ukutani hadi ukingo wa mbele pasibaki upenyo wa sindano. Mashine ya namna ile huvuta hewa kwa juu na kuipulizia chini. Baridi aliwahi kuwaeleza hayo watu mtaa mzima, tena kwa kuwafokea. Akafungua kinywa. Swali lake la kupumua lilimfika kwenye ulimi, akalimeza likiwa zima.

"Umekiona leo," mama alisema.

"Nimekiona, mama."

"Vile vya sebuleni ni uzi wa kawaida. Hiki ni uzi niliokuwa nimejiwekea mwenyewe. Nilisema, mkwe wangu anakula kwa mashine hizi, ngoja ya kwake niivalishe vizuri kuliko zote. Nikamwomba jirani apande akitandaze. Nikakaa nasubiri uje ukione." Akaketi kitandani kando ya begi. "Nikasubiri. Hukuja. Asubuhi hunisalimii, unanitumia salamu kama niko ng'ambo. Nikipita unajibandika ukutani. Yule mwenzio wa benki ni mtundu, lakini najua ananipenda. Wewe nikasema, huyu hanitaki nyumbani kwake, ila ana haya ya kunifukuza. Unadhani mimi nahama kwa sababu ya joto? Joto nimezaliwa nalo."

Baridi alihisi stuli imekuwa nzito. Miezi yote ya uchumba, mwaka mzima wa ndoa, alikuwa akimheshimu mwanamke huyu kwa nguvu zake zote, na kila alipoongeza bidii ndivyo alivyomuumiza.

"Nakuheshimu, mama," alisema. "Nakuheshimu mpaka nakuogopa."

"Heshima gani ya kumkimbia mtu?"

"Ndiyo niliyofundishwa."

"Basi ulifundishwa nusu."

Nje gari likapiga honi. Yule wa benki amefika. Mke akatokea ukumbini, akasimama nyuma ya mumewe, anahema.

Baridi akaona lililobaki ni hilo moja, na ni gumu kuliko yote. Akajikaza kisabuni.

"Mama, kitambaa ni kizuri. Sijapata kuona kizuri kama hicho. Lakini ndicho kilichoziba pumzi ya mashine. Joto lote hili ni kwa sababu yake."

Mama akatazama juu. Akamtazama Baridi. Akatazama juu tena.

"Kwa hiyo nimejipika mwenyewe?"

"Kidogo, mama."

Mabega ya mama yakaanza kutikisika, na Baridi akadhani amemliza, mpaka kicheko kilipotoka, kicheko kikubwa kilichomfanya ashike mbavu na kuegemea begi.

"Njoo ukitoe basi," alisema akijifuta macho. "Mimi magoti hayapandi stuli."

Baridi akavua viatu, akaingia. Akapanda, akakitoa kitambaa kwa mikono miwili, akakikunja na kumpa mwenyewe. Akachomoa chujio, akalipangusa, akalirudisha. Mama akabonyeza rimoti. Upepo ukashuka, laini mwanzoni, kisha baridi ya kweli, ikazipeperusha nywele za mama kwenye paji la uso.

"Mwambie huyo wa benki avue viatu ale," mama alimwambia bintiye. "Siendi popote."

Mke akaondoka ukumbini haraka, kadiri tumbo lilivyomruhusu. Baridi naye akashuka, akabeba stuli yake, akaanza kurudi nyumanyuma kuelekea nje, kichwa chini.

"Unakwenda wapi?" mama akauliza.

"Nimemaliza, mama."

"Umemaliza nini? Weka stuli hapo, ukae." Akasogeza begi kwa mguu kumpisha nafasi. "Na ufunge mlango, mwanangu. Baridi inatoka."