Dakika Saba za Tingatinga

Hamtaniamini, ila naapa: kaka yangu, mtu anayebeba magunia mawili kwa mpigo, alishindwa na mkono wangu huu mwembamba kama mwiko. Na kushindwa kule ndiko kulikomwokoa wifi yangu.

Tulijitolea kwenye utafiti wa misuli pale chuoni. Unaminya mpini wa chuma kwa nguvu zako zote, wanaandika. Halafu unaushikilia kwa theluthi tu ya nguvu hizo, mpaka uchoke. Kaka, mtaani wanamwita Tingatinga, aliminya mara mbili yangu.

"Mdogo wangu, nenda kaminye ndimu," akanicheka.

Ikaja zamu ya kushikilia. Nilikuwa nampimia muda kwa simu yangu. Dakika ya nne mkono wake ukaanza kucheza kama una homa, mpini ukamponyoka. Mimi? Saba!

"Usishangae," mtafiti akamwambia. "Misuli minene ikikaza inajibania damu yenyewe. Na homoni nazo zimo: ya kiume inajenga nguvu, ya kike huenda inachelewesha uchovu. Bado tunachunguza."

Ndiyo maana wakatutoa damu. Fomu ya kaka niliijaza mimi, na kwa kuwa simu yake hushinda imezima, akasema niandike namba yangu. Kosa lake hilo.

Wiki iliyofuata ujumbe ukaingia. Niliusoma wote kabla sijagundua ni wake. Homoni ya kiume imepita kiasi, inaelekea unajidunga sindano za homoni hiyo. Sindano hizo zinaweza kuzuia uzazi. Muone daktari haraka.

Nikainuka mbio kumtafuta kaka. Maana chumba cha pili wifi alikuwa anapanga nguo kwenye begi. Miaka mitatu bila mtoto, miaka mitatu anamezeshwa madawa machungu yeye peke yake, na asubuhi ile mama alikuwa ameamua: arudi kwao.

Nikamvuta kaka jikoni. Akasoma. Akanirudishia simu.

"Futa."

"Kaka!"

"Futa, nakuomba. Nitaitwa mwanaume gani?"

"Gari imeshafika jamani!" mama akapaza sauti toka nje.

Zipu ya begi ikalia. Nikamsukumia kaka simu kiganjani.

"Kamsomee mwenyewe. Nakupa dakika saba. Zikiisha, namsomea mimi."

Nikaikodolea macho saa ya ukutani. Moja. Mbili. Honi. Kaka anaenda mlangoni, anarudi, anafungua bomba, analifunga. Ya nne, simu ikaanza kutetemeka mkononi mwake kama ule mpini. Nikajua ataiachia.

Hakuiachia.

Ya sita, akausukuma mlango wa chumbani.

"Mke wangu," nikamsikia, "hebu shusha hilo begi kwanza."

Mpaka leo ile dakika moja iliyobaki hainipi raha, kwa jinsi tulivyokaribia kumpoteza wifi. Je, wewe ungempa hizo saba, au ungemwita wifi palepale?