Mkwe Juu ya Lundo la Nyasi

Nyumba yetu ya Mabwepande imepakana na msitu. Septemba ile nilikuwa nimefyeka nyasi zote za uwanjani, zimekauka, nimezirundika nyuma ya jiko. Mimi nachonga vinyago Mwenge na siku yangu ya kupumzika ni Jumapili tu, kwa hiyo nilitaka nichome siku hiyohiyo, nipande mihogo kabla ya vuli.

Nilitoka na kiberiti mkononi. Nikamkuta mama mkwe, Bi Adelina, ameketi juu ya lundo, kanyoosha miguu, ungo mapajani, anachagua choroko. Alikuja juzi yake kutoka Masasi kumsubiri mjukuu.

"Shikamoo, mama. Hapo pana kazi kidogo."

"Marahaba, baba. Naijua kazi yako. Kwa upepo huu hapana."

Nilichemka. Mtu mwingine ningemwondoa kwa maneno mawili. Lakini mkwe! Kwetu mkwe humgusi wala humpazii sauti. Naye alilijua hilo vizuri, ndiyo maana kaamua kulikalia lundo.

Nikamtuma mke wangu, Herieth, mwenye mimba ya miezi minane. Akarudi anacheka.

"Kasema upepo ukitulia atainuka. Mie simo."

Haukutulia. Saa saba akaletewa ugali palepale. Jua likamuwakia, akajitanda khanga, akaanza kuchagua upya choroko zilezile. Mwanamke wa miaka sabini! Nilikuwa na hasira, lakini moyoni nilishaanza kumvulia kofia.

Saa tisa jirani yetu Bakari, ambaye hakuwa na mkwe wa kumzuia, akachoma nyasi zake. Upepo ulikuwa unatoka kwake kuja kwetu na kuingia msituni. Kufumba na kufumbua banda lake la kuku linawaka na moto umeshika ukingo wa msitu. Tulikimbia mtaa mzima na ndoo na matawi mabichi.

"Mama, ondoka hapo!" nilipiga kelele. Ndiyo, nilimpazia sauti.

"Nenda, baba. Cheche zikija huku nani atazizima? Na Herieth yumo ndani."

Tuliudhibiti moto karibu na magharibi. Nilirudi nimejaa masizi, mbio, nikifikiria jiko, nyumba na mke wangu. Lundo lilikuwa palepale, halijaungua, naye bado kalikalia. Ndoo ya maji kando yake ilikuwa tupu. Khanga ya Bi Adelina ilikuwa imelowa chapachapa, imetoboka matundu ya moto, nami niliyahesabu: saba. Cheche saba zingetosha kutumaliza.

Upepo ukawa umetulia. Nikatoa kiberiti mfukoni nikamkabidhi kwa mikono miwili.

"Nyasi nitazifukia, mama."

"Haya." Akajaribu kuinuka, akashindwa. "Miguu imekufa ganzi. Nishike."

Nilisita. Miaka sita ya ndoa sikuwahi hata kumpa mkono.

"Nishike, mwanangu," akasema.

Nikamshika.